Baba ana saratani ya mapafu, wamesema haipasuliki, sasa wanataka kumpa kemo na mionzi KWA PAMOJA. Kwa nini visiende kimoja kimoja?

#1 Binti_Lushoto
Wakuu salaam. Naombeni msaada maana nyumbani tumegawanyika kabisa. Baba yangu ana miaka 71, alianza kukohoa mwaka jana mwezi wa nane, akapewa dawa za kifua kikuu, kameza miezi mitano hakuna nafuu, anazidi kukonda mpaka suruali anafunga na kamba. Mwezi uliopita tukamleta Dar wakampiga siti skani, wakachukua kinyama kupima, majibu saratani ya pafu la kulia steji ya 3, ile ambayo SIYO ya seli ndogo. Daktari wa upasuaji kasema hapasui, uvimbe umekumbatia mshipa mkubwa na tezi za katikati ya kifua zimeshavamiwa. Daktari wa saratani ndiyo kasema atapewa kemo na mionzi pamoja, wiki 6, mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa jumla mara 30, na kemo mara moja kila wiki.

Baba mdogo kagoma. Anasema mtu wa miaka 71 unamchoma moto huku unamnywesha sumu, si unamuua? Bora kemo kwanza, apumzike, ndiyo mionzi ifuate. Shangazi naye anasema kauli ya "haipasuliki" ndiyo kukatiwa tamaa kwenyewe, mzee arudishwe nyumbani akakae na wajukuu. Mimi ndiye ninayemsindikiza na Jumatatu natakiwa nipeleke jibu. Naomba mwenye kujua anieleze taratibu, kwa nini pamoja?

#2 Chalii_wa_Ngarenaro
Pole sana dada. Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi, hata mimi hili swali sijawahi kupata jibu lake.

#3 FundiMionzi
Pole Binti. Mimi nafanya kazi chumba cha mionzi mwaka wa 11 huu, si daktari, ila haya nayaona kila siku.

Kwanza kwa shangazi. Haipasuliki na haitibiki ni vitu viwili. Wangekuwa wamemkatia tamaa wasingepanga mara 30. Aliyekatiwa tamaa anapigwa mionzi siku moja, au 5, au 10, kupunguza maumivu na kikohozi cha damu basi. Mara 30 kwa dozi ya greyi 2 (ndiyo kipimo cha mionzi) kila siku inafika 60, hiyo ni dozi ya mtu unayetafuta apone. Mwambie shangazi ahesabu siku, zenyewe zinaongea.

Pili kwa nini pamoja. Mionzi inakata uzi wa vinasaba ndani ya seli. Seli ya saratani inajaribu kuunga pale palipokatika usiku ule ule ili kesho iendelee. Kemo kama sisplatini au kaboplatini inaingia kwenye uzi ule ule na kuuvuruga, sasa seli inataka kuunga na inashindwa. Yaani mmoja anabomoa ukuta, mwingine kamficha fundi mwiko wake. Ukiwatenganisha kwa miezi miwili huo msaada unaupoteza.

#4 Makorora_Original
Mi naona tuseme ukweli tu, vitu viwili kwa wakati mmoja ni bili mbili kwa wakati mmoja. Bima inalipa, hospitali inafurahi. Babu yangu walimfanyia kila kitu mpaka shamba likaenda.

#5 FundiMionzi
Makorora pole kwa babu, ila hesabu hiyo hapa haikai. Ukitaka bili ndefu ungempa mtu kemo mizunguko minne mitano kwanza halafu mionzi, miezi minne mitano anakuja hospitali. Pamoja ni wiki 6 ametoka. Na hizo kemo za kila wiki ni dozi ndogo kuliko ile ya kila wiki tatu.

#6 Nesi_Mstaafu
Hodi. Fundi umeeleza vizuri lakini umeacha nusu. Nimekaa wodi ya saratani miaka mingi na maelezo tuliyofundishwa sisi ni haya: mionzi inafika pale ilipoelekezwa tu, kifuani. Saratani ya mapafu ina tabia ya kutawanyika mapema, vijiseli vinasafiri kwenye damu kwenda kwenye ini, mifupa, ubongo, skani haivioni kwa udogo. Kemo inatembea na damu mwili mzima inavikimbiza. Kwa hiyo mionzi analinda nyumba, kemo anazunguka mtaa. Ndiyo maana pamoja, usisubiri mtaa uvamiwe wakati unalinda nyumba.

#7 Omar_Mvita
Assalam aleikum nyote, natokea Mombasa. Binti pole ndugu yangu. Mjomba wangu alikuwa na hii hii steji ya 3, na yeye alipewa KIMOJA KIMOJA, kemo mizunguko mitatu halafu mionzi. Sababu tuliyoambiwa ni kwamba uvimbe wake ulikuwa mkubwa mno, wangeupiga mionzi vile ulivyo wangechoma pafu zima na lile lenyewe ndilo alilokuwa apumulia. Kwanza wakaupunguza kwa kemo, eneo la kupiga likawa dogo. Kwa hiyo babako mdogo asidharauliwe, hiyo njia ipo, ni ya watu wa namna fulani.

#8 Binti_Lushoto
Asante Omar, hili sikulijua. Mjomba anaendeleaje?

#9 Omar_Mvita
Alifariki mwaka wa tatu baada ya matibabu. Miaka miwili kati ya hiyo alikuwa akienda sokoni mwenyewe na akamuoza bintiye. Twashukuru.

#10 Kitabu_Wazi
Nimesoma kimya nimeshindwa. Niweke namba maana uzi unaenda kwa hisia.

Zamani saratani hii ikishindikana kupasuliwa ilikuwa mionzi peke yake. Mwaka 1990 Wamarekani wakatangaza majibu ya utafiti, waliopewa kemo kwanza halafu mionzi nusu yao walivuka miezi 13.8, waliopata mionzi tu nusu yao walivuka miezi 9.7. Hapo kila mtu akahamia kwenye kimoja kimoja, ndiyo njia ya baba mdogo wa Binti. Halafu wakajiuliza je tukichanganya? Utafiti mmoja mkubwa wa huko huko, majibu kamili yalichapishwa 2011, kimoja kimoja miezi 14.6, pamoja miezi 17. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai ni 10 kwa 100 dhidi ya 16 kwa 100.

Kwa hiyo ndiyo, pamoja inashinda. Lakini tusimdanganye dada, haishindi kwa kishindo. Na ina gharama yake: 2010 walijumlisha tafiti 6 zenye wagonjwa 1,205, wakakuta wanaoumia vibaya koo la chakula wanapanda kutoka 4 kwa 100 mpaka 18 kwa 100 ukichanganya.

#11 Mama_Kijiweni
Kitabu jamani 16 kwa 100 unamwambia mtoto wa mgonjwa hivyo hivyo bila hata maji ya kunywa

#12 Binti_Lushoto
Hapana mama mwache aseme, mimi ndiye niliyeuliza. Nilikaa chooni nikalia kidogo nimerudi. Kitabu hizo namba ni za zamani au ndiyo za leo?

#13 Kitabu_Wazi
Pole dada, na asante kwa kuvumilia. Ni za zamani, na hapo kuna habari njema kidogo. Wagonjwa wa utafiti ule walitibiwa miaka ya 1990, skani zilikuwa dhaifu, wengi walioitwa steji ya 3 pengine walishakuwa ya 4 bila kujulikana. Leo mashine zinalenga vizuri zaidi. Na tangu 2017 kuna dawa ya kuamsha kinga ya mwili inaitwa durvalumabu, wanampa mtu AKISHAMALIZA kemo na mionzi pamoja kama ugonjwa haujaendelea, kwa mwaka mmoja. Kwenye utafiti wake waliokuwa hai miaka 5 ni karibu 43 kwa 100, na waliodungwa dawa bandia (maji yasiyo na dawa, ya kulinganishia) 33 kwa 100. Angalia hata hao wa dawa bandia, 33, mara mbili ya ile 16 (ingawa hawa walichujwa, ni wale waliovuka matibabu salama).

Tatizo la hiyo dawa ni bei, haishikiki. Uliza tu kama bima yenu inaigusa.

#14 Nyakato_Boy
Mi swali. Baba mkwe wangu alikuwa na saratani ya mapafu, yeye alipigwa mionzi MARA MBILI KWA SIKU, asubuhi na jioni, wiki 3 tu akamaliza. Alitibiwa India. Sasa kwa nini huku wiki 6? Au huku mashine ndiyo goigoi?

#15 FundiMionzi
Nyakato huyo wako bila shaka alikuwa na aina ya seli ndogo. Ile inakua mbio sana, kwa hiyo tunaifukuza mbio, 1.5 asubuhi na 1.5 jioni, jumla 45 kwa wiki 3, pamoja na sisplatini na etoposidi. Ya mzee wa Binti ni ile nyingine. Usilinganishe dozi, magonjwa ni mawili yanaishi nyumba moja.

#16 Nyakato_Boy
Nimetoka kumuuliza mke wangu, ni kweli ripoti iliandikwa seli ndogo. Na walimpiga kichwani baadaye wakati hakuna kitu kichwani, hapo ndo tulichanganyikiwa.

#17 Nesi_Mstaafu
Kichwani ni kinga, aina hiyo inapenda kukimbilia ubongo. Hawakukosea.

#18 Kitabu_Wazi
Narudi kwa Nesi #6, kwa heshima zote mama. Ule mkusanyiko wa 2010 uliangalia saratani inarudi wapi. Waliochanganyiwa, saratani ilirudi KIFUANI kwa uchache zaidi. Kutawanyika mbali, mifupa ini ubongo, hakukuwa na tofauti kabisa na wale wa kimoja kimoja. Kwa hiyo nadharia ya kemo kuzunguka mtaa haielezi kwa nini pamoja. Ya Fundi ndiyo inaeleza.

#19 Nesi_Mstaafu
Mwanangu soma tena ulichoandika. Makundi yote mawili yalipata kemo, si ndiyo? Basi mtaa ulizungukwa kote kote, tofauti itoke wapi? Nadharia yangu inaeleza kwa nini kemo iwepo. Ya Fundi inaeleza kwa nini iwe saa hiyo hiyo. Na zile kemo ndogo za kila wiki mimi sina uhakika kama zinatosha kukimbiza huko mbali, ndiyo maana madaktari wengine wanaongeza mizunguko miwili ya dozi kubwa mwishoni.

#20 Chalii_wa_Ngarenaro
Mama kamrudisha Kitabu rafu 😂 endeleeni nawasikiliza

#21 Tabibu_wa_Wilaya
Habari wakuu. Mimi ni tabibu wilayani, mambo haya nayaona kabla hayajafika kwenu. Naongeza sababu ya tatu ambayo naona wote mmeiruka, MUDA. Seli za saratani zilizonusurika kemo hazikai kusubiri, zinajaza nafasi ya zilizokufa na kuna ushahidi zinaongeza mwendo. Ukimpa kemo miezi mitatu halafu apange foleni ya mionzi miezi miwili, unaanza mionzi na saratani iliyoshaota upya, tena watoto wa zile ngumu. Labda faida yote ya pamoja siyo uchawi wa dawa mbili kukutana, ni kwamba hujaipa nafasi ya kupumua. Ndiyo maana pia wanakazania usikose siku hata moja katika zile 30.

#22 FundiMionzi
Tabibu naomba nitofautiane kidogo. Ingekuwa ni muda tu basi tungempa mionzi kwanza kisha kemo mara moja na tungepata majibu yale yale. Ila kuhusu kukosa siku nakazia kwa herufi kubwa, USIKOSE. Tunaona mtu anakwenda msiba wa mbali anarudi baada ya siku 9. Hizo siku hazifidiki vizuri.

#23 Mukono_Kijana
Mimi ni Mganda, Kiswahili changu samahani. Nyie mnaongea kukosa siku tisa. Mwaka 2016 mashine ya mionzi pekee ya nchi yetu yote iliharibika, kobalti ya zamani, na mpya ilizinduliwa 2018 mwanzo. Watu wengine walipelekwa Nairobi, wengine walibaki na kemo tu. Shangazi yangu alikuwa katikati ya matibabu. Kwa hivyo hapa kwetu swali la pamoja au moja moja lilijibiwa na mashine.

#24 Mama_Kijiweni
Mungu wangu. Pole mdogo wangu.

#25 Omar_Mvita
Wallahi hili latia uchungu. Fundi, hivi kobalti na hizi mashine mpya zina tofauti gani kwa mgonjwa?

#26 FundiMionzi
Kobalti ni jiwe lenye mionzi ndani ya chuma, halizimwi, linafunikwa tu. Linapungua nguvu lenyewe, kila miaka 5 na kidogo linabaki nusu, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa analala dakika 2 sasa analala 4. Uzuri wake halidai umeme mwingi wala fundi kila wiki. Linaki, ndiyo hizo mashine mpya, inatengeneza mionzi kwa umeme, ukizima haipo, inapenya kina zaidi na tunaweza kuichonga ifuate umbo la uvimbe. Kwa pafu hiyo kuchonga ni muhimu sana maana nyuma yake kuna moyo na uti wa mgongo. Ocean Road wanazo za aina zote mbili, Bugando Mwanza nao wanatoa mionzi.

#27 Makorora_Original
Sasa kama inachongwa hivyo si waongeze dozi iuwe yote mara moja wamalize? Kwa nini 60 isiwe 80?

#28 Kitabu_Wazi
Makorora hilo swali limewahi kuulizwa na watu wenye akili zao na jibu likawashangaza. Walilinganisha 60 na 74, kemo sawa, majibu yakatoka 2015. Wote walitegemea 74 ishinde. Wa 60 nusu yao walivuka miezi 28.7, wa 74 miezi 20.3. Dozi kubwa ILIPUNGUZA maisha. Wengi wanahisi ni mionzi iliyofika kwenye moyo, wengine koo la chakula, wengine wiki zilizoongezeka, hawajakubaliana.

#29 Makorora_Original
Aisee. Hiyo sikuitegemea. Asante.

#30 Tabibu_wa_Wilaya
Kitabu hapo umenipa risasi. "Wiki zilizoongezeka". 74 inachukua wiki saba na nusu. MUDA.

#31 FundiMionzi
Haya Tabibu 😂 tumekusikia

#32 Dada_Muscat
Nawasalimu kutoka Oman, asili yangu Unguja. Mama yangu alitibiwa huku kwa njia hii hii ya pamoja, miaka 66, hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Nieleze ilivyokuwa maana madaktari hawasemi yote.

Wiki ya kwanza na ya pili hakuna kitu, tukajiona tumeshashinda. Wiki ya tatu akaanza kushika kifua akimeza, anasema kama kameza kaa la moto. Wiki ya nne hata mate yanamshinda. Sisi tukadhani ni saratani imepanda, kumbe ni koo la chakula limebabuka kwa mionzi, linapita pale pale katikati. Walimpa dawa ya maji ya kutia ganzi anywe robo saa kabla ya kula, na dawa ya maumivu. Kilichomvusha ni uji wa mtama mwembamba uliopoa kabisa, mlenda, ndizi mbivu za kuponda na maziwa. Ndimu, pilipili, chai ya moto, supu ya moto MARUFUKU. Alipungua kilo 6. Wiki tatu baada ya kumaliza koo likarudi.

Halafu miezi mitatu baadaye, sisi tumeshasahau, akaanza kubanwa pumzi na kikohozi kikavu na homa kidogo. Hospitali ya kwanza wakampa antibiotiki mara mbili bila mafanikio. Ikaja kujulikana ni pafu kuvimba kwa sababu ya mionzi, dawa yake ni ya kundi la steroidi, akapona kwa wiki. Kwa hiyo Binti andika pahala, kikohozi kipya kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya kumaliza, mrudishe kwa daktari wa saratani mwenyewe, usiishie duka la dawa.

#33 Binti_Lushoto
Dada nimechapa hii yote nimebandika ukutani. Asante sana. Mama yupo?

#34 Dada_Muscat
Yupo, mwaka wa nne. Yake ilipopimwa vinasaba ilikutwa na badiliko fulani kwa hiyo yuko kwenye vidonge, kimoja kila siku. Osimertinibu. Uliza kama kinyama cha mzee kimepimwa hilo.

#35 Kitabu_Wazi
Nakazia hapo kwa Dada. Wenye badiliko kwenye kinasaba kinachoitwa EGFR, na wengi wao ni wasiovuta sigara, ile dawa ya kinga niliyoitaja #13 haiwasaidii sana. Utafiti wa 2024 ulionyesha vidonge hivyo baada ya kemo na mionzi vinazuia ugonjwa kuendelea mpaka nusu wakafika miezi 39, bila vidonge ni miezi 5 na nusu. Mzee wa Binti alikuwa anavuta?

#36 Binti_Lushoto
Kiko, miaka kama 40. Aliacha nilipomaliza kidato cha nne.

#37 Mama_Kijiweni
Mimi ninaogopa zaidi moshi wa kuni. Mama zetu jikoni miaka 50 moshi machoni na kifuani hakuna anayewahesabu.

#38 Tabibu_wa_Wilaya
Uko sahihi mama, moshi wa majumbani umo kwenye orodha ya visababishi. Lakini kwa huku kwetu shida kubwa zaidi naiona ni ile ya #1, miezi mitano ya dawa za TB. Kikohozi, kukonda, jasho usiku, doa kwenye eksirei, vyote vinafanana. Mtu akishakosa vimelea kwenye makohozi na bado anaanzishiwa dawa, mwezi wa pili hajapata nafuu, hapo hapo apelekwe skani. Nasema hivi na mimi nimewahi kumchelewesha mgonjwa kwa namna hiyo, bado namkumbuka jina na kijiji.

#39 Mchele_Mbeya
Samahani nje ya mada kidogo. Akiwa kwenye mionzi wajukuu wasimkaribie si ndiyo? Jirani yetu walimtengea chumba.

#40 FundiMionzi
HAPANA. Mionzi ya mashine ni kama taa, ukizima haibaki kwa mtu. Akitoka chumbani abebe wajukuu wote anaotaka. Kumtenga mgonjwa ni kumuongezea ugonjwa.

#41 Nesi_Mstaafu
Fundi sahihi kwa mionzi, lakini huyu anapata na kemo. Kemo inatoka kwenye mkojo na matapishi siku mbili hivi baada ya dripu. Anayesafisha avae glavu, choo kimwagwe maji mengi, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Wajukuu wambebe, ila potii la babu wasiliguse. Na mwenye mafua asimsogelee maana askari wa damu wanakuwa chini.

#42 Mchele_Mbeya
Asante mama. Na hivi vile vikombe vya mizizi je? Baba yetu 2011 aliacha miadi ya hospitali akaenda Loliondo kunywa kikombe, shilingi mia tano tu na siku nne njiani.

#43 Chalii_wa_Ngarenaro
Duh Loliondo. Mi nilikuwa utingo wa gari za kwenda kule, foleni ilikuwa kilomita na kilomita, wengine walikufa wakiwa kwenye foleni. Nakumbuka mpaka leo.

#44 Nesi_Mstaafu
Sitamkataza mtu imani yake. Ninachoomba, wiki hizi 6 asinywe mzizi wowote bila kumwambia daktari. Sisplatini inapiga figo, mizizi mingine nayo inapiga figo, zikikutana figo zinafunga na matibabu yanasimama.

#45 Makorora_Original
Kwa umri je? Wote mnazungumza kama mzee ana 50. Ana 71. Mimi bado nipo na baba mdogo.

#46 Kitabu_Wazi
Hoja ya haki. Wajapani walilipima hilo kwa wazee wa zaidi ya 70 tu, majibu 2012. Mionzi peke yake nusu walivuka miezi 16.9, mionzi pamoja na kaboplatini dozi ndogo kila siku miezi 22.4. Kwa hiyo umri peke yake siyo kizuizi. Ila hao walikuwa wazee wenye nguvu zao. Swali ni je, mzee wa Binti anatembea? Anakula? Anajivalisha mwenyewe?

#47 Binti_Lushoto
Anatembea mpaka msikitini na kurudi. Kula ndiyo kwa shida, kapungua kilo 9 tangu mwaka jana.

#48 Tabibu_wa_Wilaya
Kilo 9 zinanitia wasiwasi kuliko miaka 71. Hapo daktari anaweza kubadili mawazo akaenda kimoja kimoja, na akibadili siyo kwamba kakosea. Binti Jumatatu uliza hivi: kipimo cha pumzi kimefanywa? Figo zikoje? Ubongo umepigwa skani? Na kemo ni ipi, kaboplatini au sisplatini, na kwa nini hiyo? Yakijibiwa hayo manne utajua kama mpango ni wa mzee wako au ni wa kila mtu.

#49 Bahati_Nasibu
Nimefurahi na huu uzi. Kwa wapenzi wa historia, hiyo sisplatini iligunduliwa kwa bahati. Mwanafizikia Barnett Rosenberg pale Michigan alikuwa anapitisha umeme kwenye bakteria aone inafanya nini, bakteria wakaacha kugawanyika wakawa wanarefuka tu kama nyuzi. Kumbe siyo umeme, ni platini ya zile nyaya zake ilikuwa inayeyuka kwenye maji. Hiyo 1965. Ikaruhusiwa kutibu watu Marekani 1978. Madini ya pete za arusi ndiyo yanazuia seli kugawanyika.

#50 Mama_Kijiweni
Bahati asante, hii nakwenda kuwasimulia vikoba

#51 Binti_Lushoto
Mrejesho wakuu, samahani kwa kukaa kimya mwezi mzima.

Tulienda Jumatatu na yale maswali manne ya Tabibu. Daktari alikaa na mimi karibu nusu saa, akamwita na baba mdogo kwa simu akamweka spika. Figo za mzee ziko katikati, ndiyo maana kaboplatini, na ile ya pili inaitwa paklitakseli. Ubongo ulikuwa haujapigwa, wakaupiga, uko safi. Kuhusu kilo alisema wampe wiki mbili ale kwanza, akipanda tunaanza pamoja, akishuka tunaanza na kemo peke yake. Mama kahamia Dar, tumepanga chumba Mbagala, kamlisha uji wa karanga na mayai mchana na usiku, kapanda kilo 2. Tukaanza pamoja.

Jana ilikuwa ya 14 kati ya 30. Mzee anachora kwa chaki nyuma ya mlango, mistari mitano mitano, Jumamosi na Jumapili anaacha nafasi. Zile alama za wino walizomchora kifuani hataki hata maji yazipitie, anaoga kama anayefuta kioo. Koo limeanza kuwasha. Mlenda tayari ninao. Baba mdogo alikuja juzi, hakusema kitu, kahesabu chaki akamwachia pesa ya bajaji ya wiki nzima.

#52 FundiMionzi
Asante kwa mrejesho. Wiki ya 4 na ya 5 ndiyo kilima. Akisema leo sitaki, mpigie fundi wa chumba chake kabla hujamkubalia.

#53 Dada_Muscat
Uji upoe KABISA. Na alale ameinua kichwa. Tuko pamoja nawe.

#54 Kitabu_Wazi
Nafurahi. Angalia lakini, kwa mzee huyu alichoogopa daktari ni kilo, na alichotaka ni asianze amechelewa. Hapo naanza kumwelewa Tabibu na muda wake.

#55 Nesi_Mstaafu
Kitabu na wewe unayumba sasa. Kaboplatini ya kila wiki siku ya mionzi ile ile, hapo muda unahusu nini?

#56 Tabibu_wa_Wilaya
Mama twende taratibu. Wanapewa siku ile ile, sawa. Lakini kuna wodi wanatoa kemo masaa mawili KABLA ya mionzi na kuna wanaotoa baada. Fundi, kwenu mnaanza na ipi?